Foleni Bandia na Damu ya Shangazi

Siku shangazi yangu alipofika hospitalini Homa Bay na wanawake wanane wa kanisa lake, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, tayari kutoa damu, hakukuwa na mgonjwa aliyehitaji damu. Mimi ndiye niliyewaita, na sikuwa najua.

Nilikuwa naiandikia hospitali hiyo programu ya kuwaita wanaojitolea kutoa damu. Ujumbe kwanza huwekwa kwenye foleni, katika kompyuta za kukodi huko mbali, na kutoka hapo ndipo hutumwa kwa simu. Asubuhi hiyo niliandika jaribio la kuangalia kama ujumbe unaingia foleni sawasawa. Nikahitaji nambari ya mfano, na nambari niliyoikariri ni moja tu, ya shangazi. Jaribio likapita. Nikaenda kunywa chai huku najisifu, mjinga mimi, kumbe foleni niliyojaribia ni ile ya kweli.

Nilimkuta shangazi kwenye benchi la hospitali. "Nani anakufa?" akauliza.

"Hakuna, Aunti. Nilikuwa najaribu mashine."

"Unajaribu mashine na sisi? Nyathina, mwanangu, hawa wameacha kazi huko Ndhiwa. Siku ingine ukituita, nani atakuja?"

Swali hilo lilininyima raha. Kundi lake ndilo pekee lililokuwa likija bila kubembelezwa. Likichoka nasi, siku ya shida tungeita nani?

Kesho yake nikatengeneza foleni bandia. Ni kipande kifupi cha programu kinachokaa ndani ya kompyuta yangu: kinapokea ujumbe, kinajibu kwamba kimepokea, na hakiupeleki popote. Jaribio likitaka kujua kama ujumbe ulikuwa sawa, linakiuliza chenyewe. Nikazima intaneti, nikaendesha majaribio yote. Yakapita yote, nami nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Jumamosi nikabeba laptopu hadi Ndhiwa. Shangazi aliweka simu yake mezani, katikati ya vikombe. "Haya, ita."

Nikaendesha jaribio lile lile, kwa nambari yake ile ile. Simu kimya. Nikarudia, kimya. Mara ya tatu akabonyeza mwenyewe, akaikodolea macho simu kama inayodanganya, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Nilicheka kumshinda.

Majuma machache baadaye, mama aliyetoka kujifungua alitokwa na damu nyingi. Safari hii ujumbe ulipita kwenye foleni ya kweli. Nilisimama langoni nikiogopa kwamba hakuna atakayekuja. Kisha nikaona vitambaa vyeupe. Nikavihesabu, shangazi mbele na wanane nyuma yake, machozi yakinilenga.

Nikaanza kumwelezea kwamba leo si majaribio. Hakungoja nimalize.

"Simu imelia," alisema, tayari anakunja mkono wa blauzi. "Basi kuna mtu. Yuko wapi?"