Kuiwahi Reale ya Shangazi Mwanaisha

Nilitoka Kasongo kufukuzana na salamu zangu mwenyewe. Shangazi yangu Mwanaisha, anayekaa Kabambare, ana sarafu ya zamani ya fedha, ile ambayo kwetu inaitwa reale: upande mmoja malkia mnene, upande mwingine ndege wa vichwa viwili. Iliingia huku na misafara ya biashara ya mababu, na katika ukoo wetu bibi humpa mjukuu wake wa kike anapoolewa. Mimi nakusanya fedha za namna hiyo na kuzipiga picha, na ninazozitafuta hasa ni zile zilizojipaka rangi zenyewe kwa kukaa miaka mingi bila kuguswa. Ya shangazi niliiona mara moja tu, msibani: manjano ukingoni, kisha wekundu, na samawati nzito kwenye shavu la malkia. Sikuwa na kamera. Reale nyingine zote nilizoonyeshwa Kasongo zilikuwa zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama sufuria za Idi.

Sasa mjukuu wake, Mwamini, alikuwa anaolewa. Nikampata dereva wa pikipiki anayepeleka chumvi Kabambare, nikamwambia amwarifu shangazi kwamba nakuja kuipiga picha reale kabla ya harusi. Jioni nikamsimulia mke wangu Zaina, nikijiona mtu wa mipango. Aliacha kuchambua mchele.

"Wewe uko mutu wa namna gani? Umemwambia mugeni anakuja na apareyi ya picha. Ataisugua!"

Nilipiga simu mpaka betri ikalia. Kabambare hakukuwa na mtandao.

Asubuhi nikaondoka na Ramazani, dereva ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kuanguka. Baada ya mwendo kidogo nikaelewa kwa nini. Kila dimbwi alishuka kulitazama, kila daraja la magogo alilipita kwanza kwa miguu, akayakanyaga magogo moja moja. Mimi nyuma yake nilikuwa naiona mikono ya shangazi ikichota majivu jikoni na kuikamulia reale ndimu.

"Ramazani, tafadhali, kaza kidogo."

"Baba, ile reale imengoja tangu wakati ya mababu. Itashindwa kungoja wewe?"

Kijiji cha Wamaza tulifika tukiwa matope mpaka magotini, tukalala hapo. Kando ya barabara wanawake walikuwa wamepanga ndimu mafungu mafungu. Sikuwahi kuichukia ndimu kabla ya siku ile.

Kesho yake, tulipoiacha Wamaza, tukakuta bariyeri: kamba tu imevutwa kukata njia. Mwanaume aliyekuwa anailinda alifungua mfuko wangu, akaigeuzageuza kamera.

"Unaenda Salamabila kununua dhahabu?"

"Hapana, Kabambare. Nampigia shangazi yangu picha ya reale."

Alicheka, akaniketisha kwenye gogo kwa muda ulionikata maini, akitaka nieleze zaidi. Mwishowe akashusha kamba na kunipa ushauri bila kuombwa: "Hata mama yangu iko na moja. Ukitaka iwake vizuri, majivu na ndimu."

Kabambare niliingia jua likiwa kichwani. Uani wanawake walikuwa wanamchora Mwamini hina. Shangazi aliinuka kunilaki, na kabla hajatoa salamu nikaona vidole vyake: vyeupe kwa majivu.

"Karibu, mwanangu! Tazama, nimeitengeneza kwa ajili yako."

Akaniwekea reale kiganjani. Nyeupe pepe. Shavu la malkia halikuwa na chochote.

"Shangazi, nilifuata ile rangi yake."

"Rangi gani? Ile ilikuwa uchafu. Mutu atoke Kasongo na apareyi, mimi nimupe kitu cheusi? Watu watasema nini?"

Nilikaa mkekani na machozi yananilengalenga, mtu mzima mimi, kwa ajili ya sarafu isiyokuwa hata yangu.

Shangazi aliona sura yangu, akaingia ndani, akarudi na kitambaa kidogo kilichochakaa. "Ilikaa humu. Ni kipande cha kikwembe nilichovaa harusini. Siku nyanya yangu ananipa, ilikuwa hivi hivi, nyeupe." Katikati ya kitambaa palikuwa na duara la hudhurungi, ukubwa wa reale.

Kisha akachukua mkasi, akakata kipande cha kikwembe kipya cha Mwamini, akakitandika kwenye mkono wa Mwamini ambao haujachorwa bado, akaiweka reale juu yake. Ndipo nikaelewa. Samawati ile niliyoihangaikia haikutoka kwa mababu. Ilikuwa miaka ya ndoa ya shangazi, yote, na mumewe tulimzika siku ile ile nilipoiona.

Niliwasha kamera. Nikaipiga reale nyeupe juu ya kitambaa kipya, mkononi mwa Mwamini, na baadaye kile kitambaa cha zamani kikiwa peke yake. Shangazi alikikunja haraka, akakiweka kifuani.

Kurudi, sikumhimiza tena Ramazani. Nyumbani Zaina aliitazama picha, akaguna: "Si nilikwambia."

Nimeibandika ukurasa wa kwanza wa albamu. Nyingine ya kuwekwa kando yake, yenye zile rangi, itapigwa siku mjukuu wa Mwamini akiolewa, na mimi sitakuwepo. Kwa hiyo nimeandika chini yake, kwa atakayekuwa na kamera wakati huo: nenda, lakini usitangulize salamu.