Kiingereza cha Kuamia Ndege

Namshukuru Mungu aliyenipeleka Hombolo, kijiji chenye bwawa kubwa, nikiwa msichana, miaka ile sabuni na sukari ziliporudi madukani na mitumba ikaanza kumwagwa chini kwenye magulio. Nilitoka Kenya, nimejitolea kupitia kanisa kufundisha Kiingereza shule ya msingi kwa mwaka mmoja. Parokia ilinipangia kuishi kwa mkulima wa uwele, mkewe, na kitinda mimba wao, binti aliyekuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari.

Walinipokea kama mtoto wao, na kama mtoto wao walinicheka. Nikisema, "Nipe mlenda," mama aligeuka kutazama mlangoni.

"Polisi wamefika?" aliuliza. "Hapa tunasema naomba, mwanangu."

Mwaka huo masista walikuwa wanafungua shule ya bweni ya wasichana. Kuingia kulihitaji usaili wa Kiingereza, ana kwa ana, na binti aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Maneno alikuwa nayo. Alichokosa ni sauti. Alilelewa kuinamisha macho na kunong'ona mbele ya wakubwa, nami nilihesabiwa mkubwa. Tulisomea jikoni, mama akisonga ugali, na mara nyingi mwiko ulisikika kuliko mwanafunzi.

Kisha uwele ukaanza kukomaa na kwelea wakashuka, usaili ukiwa umekaribia.

"Kuanzia kesho binti anaamia," baba alisema.

Kuamia ni kushinda shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, ukifukuza ndege. Nyumba isiyoamia hukosa chakula mwaka mzima, nami nilikuwa nakula uwele ule ule. Hata hivyo niliuliza, "Na masomo, baba?"

"Mwalimu, waombe ndege wasubiri usaili. Wakikubali, na mimi nimekubali."

Mama hakuinua macho kwenye ungo wake. "Dungu linabeba watu wawili," alisema.

Basi kila nilipotoka shuleni nilikwenda shambani, nikapanda lile jukwaa la miti katikati ya uwele. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa Kiingereza anaishi wapi. Kabla hajanong'ona, kundi likatua. Akasimama, akapiga debe, na jibu la swali langu akalirusha kwa ndege, sentensi nzima, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Ndege wakaruka. Sote wawili tukabaki tunatazamana.

Tangu hapo nilisimama mbali, mwisho wa shamba, nikauliza maswali kutoka huko. Baba, akiwa upande wa pili na kombeo lake, alipiga kelele: "Mwaka huu kwelea wote watafaulu!"

Siku ya usaili nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, pamoja na wasichana wengine waliokuwa wakisubiri. Nikamsikia sista mkuu akimuuliza jina lake, taratibu sana. Kimya. Nikaanza kusali. Niliendelea mpaka nikapoteza maneno ya sala niliyoijua tangu utoto.

Ndipo jibu likatoka, kwa sauti ya dungu. Benchi zima liligeuka.

"Mwanangu," sista alisema kwa Kiswahili, "niko hapa hapa, siko ng'ambo ya bwawa."

Wasichana walicheka. Niliogopa, maana kicheko kama kile kingetosha kumrudisha jikoni, kwenye minong'ono. Sista akauliza swali la pili. Binti alijibu kwa sauti iliyopungua kidogo tu, na kila neno lilinifikia pale nje, hadi swali la mwisho.

Masista walimpokea. Mama nami tulimpelekea baba habari shambani. Alisikiliza, kombeo mkononi, macho yake kwenye uwele ambao bado haujavunwa.

"Shule inafunguliwa lini?"

"Jumatatu."

"Na hawa," akaonyesha angani, "nani atawaamia?"

"Wewe," mama alijibu. "Na mwalimu. Si amejitolea?"

Baba alicheka mpaka akaketi chini. Jumatatu ile nilisali mapema kuliko kawaida, nikampa binti mkono wa kwaheri, nikachukua debe. Niliamia hadi kengele ya shule iliponiita, na jioni nikarudi tena, mpaka uwele wote ulipoingia ghalani. Katika kazi zote alizonijalia Mungu, hiyo naikumbuka kwa furaha ya pekee.