Mwaka Niliomwambia Dani Kwamba Vita Vimekwisha

Nilipokuwa mtoto, katika chumba cha udongo tulichopanga Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, mlango wetu haukupata kutiwa komeo. Ulirudishwa tu, ukaegemezwa jiwe kwa ndani, jiwe dogo ambalo hata paka angeweza kulisukuma. Bibi yangu, ambaye nilimwita Dani kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao, alikuwa na sababu. Mume wake alikuwa hajarudi kutoka vitani, na mwanamume ambaye maiti yake haijaonekana hafungiwi mlango.

Vita vyenyewe vilikuwa Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945. Haya ninayoyasimulia yalitokea mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Babu alichukuliwa na Keya, kama lilivyoitwa jeshi la mfalme wa Waingereza huku kwetu, wakati mama yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alipelekwa Burma. Dani alingoja nyumbani kando ya ziwa, kisha akaja Nairobi, kwa kuwa treni iliyomchukua mumewe ilipitia Nairobi, naye aliona kwamba itakayomrudisha itapitia hapohapo. Alichagua Kibera kwa sababu palikuwa makao ya askari: Wanubi, wana wa wanajeshi waliotoka Sudani. Mwenye nyumba wetu, Mzee Marjani, alikuwa mmoja wao, na yeye mwenyewe alikuwa amepigana Burma na kurudi. Nasikia miaka ile ya mwanzo Dani alimwuliza kila mwanamume aliyevaa koti la jeshi. Mimi nilipopata akili, alikuwa haulizi tena. Mama yangu, binti yake wa pekee, alikuwa amefariki, na katika chumba kile tulikuwa wawili tu.

Au niseme watatu. Kila jioni, Dani akitoka Silanga alikouza mboga karibu na bwawa, alipika, akatenga kipande cha samaki katika sahani na kukifunika. Hicho kilikuwa cha babu. Asubuhi nilikila mimi kabla ya kwenda shule. Nimekua kwa sehemu ya mtu ambaye sikupata kumwona.

Juu ya jambo hilo kulikuwa na mwiko, na Dani aliurudia kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia nisipige mluzi usiku wala nisiruke miguu ya mtu aliyeketi.

“Aliyepotea hatajwi kuwa amekufa,” alisema. “Atakayetamka kwanza ndiye atakayekuwa amemzika. Na anayemzika mtu kwa mdomo hubaki peke yake. Umesikia?”

“Nimesikia, Dani.”

Nilimwamini, kama mtoto anavyoamini mambo ambayo hajapata haja ya kuyapima.

Kisha nikaingia kidato cha kwanza katika shule moja ya Kawangware. Kila asubuhi nilitembea kutoka Kianda, nikavuka Barabara ya Ngong, nikashuka hadi Kabiro, mtaa ilipokuwa shule, kwa viatu vilivyojaa vumbi au matope kulingana na majira. Mwaka ule tulisomeshwa historia ya dunia, yote, na mwalimu mmoja mwembamba ambaye mabega ya koti lake hayakupata kukosa chaki. Tulianza na Misri tukaja mbio. 1453, Konstantinopoli imeanguka. 1789, Wafaransa wamemwasi mfalme wao. 1815, Napoleoni ameshindwa. 1884, Wazungu wameketi Berlin kutugawa.

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata. Nilitoka katika nyumba ambamo hakuna kitu kilichokuwa na mwisho, nikaingia katika somo ambamo kila kitu kilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, umeandikwa ubaoni na kupigiwa mstari. Nilizihifadhi tarehe zote. Wenzangu wakanibandika jina la Kalenda.

“Wee Kalenda!” walinipigia kelele njiani. “Napoleoni aliota jino la kwanza tarehe ngapi?”

“Mwacheni, anahesabu! Ukimgusa atarudi mwaka sifuri!”

Sikuwa na rafiki miongoni mwao, nami nilijiambia kwamba sihitaji. Nilikuwa na Dani, na nilikuwa na tarehe.

Muhula wa tatu tukafika 1939. Mwalimu alieleza vita vyote kwa vipindi vichache, na alipoandika 1945 akapiga mstari mzito. Nikainua mkono.

“Na askari wetu waliokwenda Burma, Mwalimu?”

“Walirudishwa makwao. Ilipokwisha 1946, waliokuwa hai walikuwa wamesharudi.”

“Wote?”

“Waliokuwa hai,” alirudia, akaanza kufuta ubao.

Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na hakika. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilidhani nimembebea Dani kitu ambacho alikitafuta tangu ujana wake, na kwamba haikufaa mwanamke mzee aendelee kungoja kwa sababu tu hakuna aliyemsomea. Mwiko niliukumbuka. Niliuona mdogo sana mbele ya mwaka 1945.

Nilimkuta amekaa mlangoni akichambua kunde. Mzee Marjani alikuwa ameketi juu ya kigoda, kofia yake ya kufumwa kichwani, akinywa chai, kama alivyozoea jua likipungua makali.

“Karibu, mtu wa Kabiro,” Mzee alinitania. “Leo wamekufunza nini, au mmecheza mpira tu?”

“Dani,” nikasema, nimesimama wima kama mbele ya darasa, “vita vilikwisha mwaka 1945. Askari walio hai walirudi wote kufikia 1946. Babu amekufa.”

Mzee Marjani aliweka kikombe chini. “Kijana! Nani amekutuma?”

“Mwache,” Dani alisema. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya kunde. “Huyo mwalimu alikuwa Burma?”

“Hapana, Dani. Imeandikwa.”

Akamgeukia mwenye nyumba. “Wewe ulikuwa. Nilipokuuliza, uliniambia Burma ni kubwa.”

“Ni kubwa, Mama Achieng,” Mzee alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la marehemu mama yangu. Alivua kofia akaiweka juu ya goti, na kichwa chake, ambacho sikuwa nimekiona wazi hata siku moja, kilikuwa cheupe chote.

Dani alikitazama kichwa kile. Kisha akaniuliza, kwa heshima, kama mtu anayemwuliza karani dirishani:

“Basi mimi nimekuwa mjane tangu lini?”

“Tangu 1945, Dani,” nikajibu. “Au kabla ya hapo.”

Hakulia mbele yetu. Alimaliza kuchambua kunde, akapika, na jioni ile hakutenga samaki.

Juma lile lile alipanda treni ya Kisumu. Mimi nilibaki kwa sababu ya mitihani, na mke wa Mzee Marjani akawa ananiletea chakula. Nilipokwenda nyumbani likizo ya Desemba, nilikuta mazishi ya babu yamekwisha. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, wazee walizika yago, lile tunda refu na zito la mwegea, likiwa limeviringwa katika nguo kama mtu. Kaburi lake lilikuwa la urefu wa kawaida. Nilisimama kando yake, sikuhisi chochote, nikaona aibu.

“Tutarudi lini Nairobi?” nilimwuliza Dani.

“Wewe utarudi Jumatatu. Mimi ni mjane sasa, na mjane ana boma lake la kukaa. Shemeji zangu wameshasema.”

“Lakini umekaa Kibera miaka yote hiyo!”

“Nilikuwa mke wa mtu aliye safarini,” alisema. “Mke wa msafiri anakaa popote. Nani atamwambia mke huyo arudi nyumbani?”

Aliyasema hayo kwa wepesi, kama anataja bei ya mboga. Nami katika maneno yote yale nilisikia moja tu: kwamba harudi.

Nilimaliza kidato cha nne nikiishi peke yangu katika chumba kile. Nilinunua komeo. Historia niliifaulu vizuri kuliko somo lolote, na kwa ajili ya kumbukumbu yangu ya tarehe nikapata kazi ya ukarani serikalini, ambayo niliifanya kwa uaminifu hadi kustaafu. Sasa naishi Kabiro, mitaa michache kutoka ilipokuwa shule yetu. Vijana wa ploti ninamopanga chumba wananiita “mzee wa magazeti”, wananiambia “niaje” na kupita.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba mwiko wa Dani ulinipata. Nilitamka, nikabaki peke yangu, kama alivyosema. Nilikuwa mtu mzima, yeye mwenyewe ameshazikwa, nilipoanza kuyafikiri upya maneno yake ya Desemba ile. Mwanamke yule aliishi kati ya askari waliorudi. Aliwaona wakizeeka. Hakuhitaji mwalimu wa Kawangware amwambie mwaka. Lakini maadamu babu hajatajwa kuwa amekufa, hakuna shemeji wa kumdai wala boma la kumwita, na mtoto asiye na mama angekuwa na mtu wa kumpikia mjini hadi amalize shule. Nilidhani ananitisha. Alikuwa ananiomba.

Historia ya dunia ilinifundisha kwamba vita vile vilikwisha mwaka 1945, na sina ugomvi na tarehe hiyo. Ila hakuna kitabu nilichosoma kinachotaja kwamba mwanamke mmoja wa Kianda aliendelea navyo miaka mingi baadaye, peke yake, kwa ajili yangu.