Filamu Niliyomchagulia Abti

Kamera ile niliinunua kwa mpiga picha mmoja wa Garissa aliyekuwa anafunga kibanda chake. Ni ya zamani, ya kukunja: ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele unafunguka na lenzi inachomoza kwenye shingo ya ngozi yenye mikunjo. Inatumia filamu pana, na roli moja hutoa picha nane tu.

Filamu hiyo haipatikani kwetu. Nilipokwenda Nairobi kikazi, niliingia kwa muuzaji mmoja. Aliifungua kamera, akaisikiliza shata, kile kilango cha ndani kinachopitisha mwanga, mara mbili tatu, akatikisa kichwa.

“Hii shata imechoka, inachelewa kujifunga,” aliniambia. “Chukua filamu ya nyeusi na nyeupe. Hata mwanga ukizidi, bado utapata picha.”

Lakini wiki nzima nilikuwa nikitazama picha mtandaoni, na roho yangu ilitaka ile ya slaidi, yenye rangi nzito, isiyovumilia kosa hata dogo. Nilimjibu kwamba najua ninachofanya. Sikujua. Niliogopa tu kuonekana mshamba mbele ya wateja wawili waliosimama nyuma yangu.

Niliporudi nyumbani, mtaa wa Galbet hapa Garissa, nilimkuta Abti, kaka yake mama, amefika kutoka Mandera. Yeye na mama walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na moja. Siku ya kuondoka aliomba picha ya wao wawili. Alikuwa ametia hina ndevuni. Mama alivaa garbasaar yake ya manjano, mtandio wa kichwani na mabegani. Wakaketi kwenye mkeka uani, jua la saa tano likiwawakia. Mama akaninyooshea simu yake.

“Piga na hii pia.”

“Ya nini, mama? Hii ndiyo picha ya kweli,” nikasema.

“Mwache,” Abti akacheka. “Anaijua kazi yake.”

Nikapiga zote nane.

Filamu niliituma Nairobi ikasafishwe. Ilirudi imeng'aa kama kioo cha dirisha; mwanga ulikuwa umezifuta picha. Kwenye fremu moja tu kulibaki doa la manjano, pale palipokuwa na bega la mama. Niliikunja nikaificha kabatini, chini ya mashati.

Kila Ijumaa baada ya swala Abti alipiga simu. “Picha imefika?”

“Bado, Abti. Nairobi wana kazi nyingi.”

Nilisema hivyo miezi minne. Ijumaa moja mama alinitazama nikisema, nami nikashindwa kumtazama. Nilipokata simu nilimweleza yote.

“Kwa nini hukusema?”

“Niliona haya.”

“Na simu nilikuwa nayo mkononi,” alisema taratibu, kisha akaingia jikoni.

Nilimpigia Abti saa ileile. Nilimwambia picha zote ziliharibika.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu mwezi ule ulipoondoka.”

“Ungeniambia tu. Mimi nimeshapigilia msumari ukutani. Kila mgeni namwambia dada yangu anakuja kukaa pale.”

Nilimwomba msamaha. Akasema alhamdulillah, tuko hai, akawaulizia watoto wangu mmoja mmoja, akaaga.

Ijumaa iliyofuata alipiga kama kawaida. Alizungumza na mama kwa muda mrefu. Nilikaa kando yake nikingoja nipewe simu. Sikupewa, nami sikuthubutu kuiomba.