Mdogo Wangu Kati ya Askari Sitini

Kazi yangu ya kwanza ya rangi ilikuwa ng'ombe. Kulikuwa na bucha pale Myanga, mwenyewe akataka ng'ombe mnono ukutani, na chini yake maneno ambayo mtu aliniandikia kwa karatasi nikayanakili kama picha, maana shule niliachia darasa la nne. Nikachora. Wiki nzima watu wakawa wanasimama barabarani wanacheka. Mama mmoja muuza ndizi akamwuliza mwenye bucha, "Kumbe siku hizi unachinja mbwa, bana?"

Mwenye bucha akanifuata nyumbani na kisu mkononi, si ati cha kunichoma, alisahau tu kukiacha. "Kuja urekebishe huyu mnyama wako!"

Nilikaa mbele ya ule ukuta kutwa nisione kosa. Pembe ziko, kwato ziko, mkia uko. Jua likielekea kushuka ndipo nikaona ni macho. Nilimpa macho ya mbele, kama ya mtu anayekutazama, na ng'ombe macho yake yako pembeni. Nikayasogeza, akawa ng'ombe.

Tangu hapo nikawa mtu wa macho. Nilihamia Kitale, nikachora kuta za vinyozi, vile vichwa vinne vinne vya mitindo ya nywele, na watu wakasema vichwa vyangu vinawafuata wakipita. Mzee mmoja alihama kinyozi kwa ajili hiyo, akasema hawezi kunyolewa akiangaliwa na watu wanne. Basi ni hivyo vichwa vilivyomleta Kalasinga.

Huyu ni mzee Singasinga mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, kule Bungoma. Babake aliuza misumari pale pale kabla yake. Alikuja Kitale kwa shughuli zake, akanikuta juu ya ngazi.

"Fundi, wewe naweza chora uso ndogo?"

"Ndogo kama nini?"

Akanionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mambo yenyewe ni haya. Yeye na mwalimu mmoja mstaafu wa Kitale walikuwa na mchezo wa vita, wa vidoli vya askari na dadu, na meza yake ilikuwa stoo nyuma ya hadwea. Jeshi la Kalasinga ni Waviking, watu wa zamani sana wa nchi za baridi waliokuja kwa mashua, wakachoma vijiji, wakachukua ng'ombe, na mwishowe wakataka mashamba yenyewe. Jeshi la mwalimu ni wenye vijiji. Aliponieleza hivyo nilimwambia hiyo habari naijua, haihitaji mashua.

Nikamfuata Bungoma, kazi nikaifanyia humo stoo. Askari, sitini wote, walikuja vipande vipande kwenye fremu za plastiki, mikono huku, vichwa kule. Unakata kwa kisu, unakwaruza mshono, unaunga kwa gundi, unapuliza rangi nyeusi kwanza, halafu unaanza nguo, ngao, ndevu. Uso ni wa mwisho, kwa brashi niliyoipunguza mpaka ikabaki nywele tatu. Chini ya miguu tulibandika mchanga wa mto na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, ukiyapaka rangi yanakuwa udongo kabisa. Hiyo ya majani ya chai ilikuwa akili yangu, na Kalasinga alimwonyesha kila mteja.

Sasa, uso wa kubuni haupo. Jaribu wewe. Nilifanya kama kumi hivi, halafu mkono ukaanza kuchora watu ninaowajua. Na ninaowajua mimi ni watu wa kule juu mlimani, upande wa Kapsokwony, tulikokuwa kabla ya taabu za kugombea mashamba kututeremsha Kabuchai. Yule jirani mwenye shavu limeingia ndani. Yule fundi baiskeli. Wengi wao hawapo. Asubuhi nikifungua stoo nawakuta kwenye trei wamekauka, wote wameelekea mlango.

Wa arobaini na moja alikuwa mdogo wangu. Sikukusudia. Nilikuwa nimegundisha kichwa kikainama kidogo kushoto, na gundi ilipokauka nikaona ni vile alivyokuwa akisikiliza mtu. Nikampa kovu lake la jembe juu ya nyusi. Ngao yake nikaipaka nyekundu.

Lazima niseme habari ya nyumbani, ingawa nimeizunguka. Tulipokimbia, mdogo wangu alirudi juu kufuata ng'ombe wawili waliobaki. Ng'ombe walipatikana. Yeye hapana. Kwetu, mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba wa ndizi mahali pake, ili aache kuzunguka, na anayeukata ni mkubwa wake. Mkubwa ni mimi. Wazee wa ukoo wamenisumbua miaka, ati watoto wanaugua kwa sababu yake, ati anapiga mluzi kwenye mahindi. Mama naye alinishika mkono akasema, "Wewe ukisema amekufa, nitaamini. Ukisema bado, nitangoja." Sasa mtu anasema nini hapo? Mama amezeeka sana, hasikii vizuri, lakini hilo hajalisahau.

Hapo ndipo nilifanya ujinga wangu. Sheria ya mchezo wao ilikuwa kwamba vita haviishi siku moja, vinaendelea Jumapili kwa Jumapili, na askari akifa amekufa, anaingia kwenye mkebe wa biskuti, harudi mezani. Nikajiambia moyoni: akimaliza vita vyote akiwa amesimama, nitamwambia mama angoje. Akiingia mkebe, nakata mgomba. Sikumwambia mtu.

Basi kila Jumapili mchana, mwalimu akitoka kanisani na Kalasinga akitoka kwenye hekalu lao, nami nilikuwa pale, nimesimama pembeni kama anayengoja daktari atoke. Ya kwanza alipona. Ya pili akapona. Ya tatu walikufa tisa na yeye akabaki kwenye daraja peke yake. Nilimpigia mama simu nikiwa na furaha ya kijinga.

"Bado anasimama, mama."

Akauliza, "Nani amekwambia?"

Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Siku ya Alhamisi dada yangu akanipigia. "Ulimwambia mama nini wewe? Ametoa blanketi la mdogo wetu kwa sanduku ameanika."

Ya nne alipona pia. Jumapili ya tano meza ilikuwa na kijiji cha makatoni, na mto wa karatasi ya bluu. Mwalimu alikuwa na raha sana.

"Kalasinga, umeleta jeshi ama kwaya? Si waimbe basi!"

"Mwalimu, wewe nafundisha watoto miaka mingi, vita hapana jua. Rusha dadu."

Alirusha. Alirusha tena. Mlango wa kijiji ukafungwa nyuma ya Waviking sita, na ngao nyekundu ilikuwa katikati yao. Wakaanguka mmoja mmoja. Mwalimu alimlaza mdogo wangu kwa ncha ya ukucha, polepole, ili rangi isikwaruzike. Alikuwa mtu mzuri, mwalimu.

Lakini kuanguka si kufa. Vita vikiisha, kila aliyeanguka anarushiwa dadu moja. Moja au mbili, ni mkebe. Tatu kuendelea, ni majeraha, Jumapili ijayo anarudi. Wakarushia wale watano. Watatu mkebe, wawili majeraha. Akabaki yeye, amelala kifudifudi kwenye majani ya chai.

Kalasinga akanitazama. Sijui aliona nini kwangu. Akasukuma dadu mpaka mbele yangu.

"Fundi, huyu wewe napenda sana, mimi najua. Wewe mwenyewe rusha."

Niliishika. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nilifikiria ndiyo naenda kusema, kwa dadu, kitu nilichoshindwa kukisema kwa mdomo miaka yote hii. Ikitoka moja nitasimama mbele ya mama na panga la kukatia mgomba. Ikitoka sita nitamwacha ageuze blanketi juani mpaka afe yeye. Na mdogo wangu, popote alipo, chini au juu, hajui kuna dadu.

"Rusha bana," mwalimu akasema, anacheka, "si ni plastiki tu!"

Nikaiweka dadu mezani, taratibu, bila kuangalia upande gani uko juu. Brashi zangu zilikuwa kwenye kopo la thina ya kuoshea rangi, nikaziacha humo. Kalasinga akasema, "Fundi? Chai iko tayari." Nikapita katikati ya mapipa ya misumari, nikatoka mbele barabarani, nikashika njia ya Kitale. Sijarudi pale tena.