Mkuza Uyoga Aliyetusafishia Maji ya Karatasi

Mnivumilie kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Lakini Jumatatu tumemzika mama mkuza uyoga wa hapa Gongoni, na habari yake haifai kukaa kimya.

Karakana yetu hutengeneza karatasi za mifuko kwa mabua ya mahindi. Tunayachemsha kwa magadi, na maji yake hutoka meusi kama kahawa. Yaliteremka mtaroni hadi kwenye bustani za kina mama, mchicha ukanyauka. Viongozi wa mtaa wakatupa mwezi mmoja: tuyasafishe au tufunge. Mimi kazi nyingine sikuwa nayo. Yule mama alikuja kununua mabua, akachungulia shimo letu la maji hayo. "Uyoga hula mti," akasema, "na weusi huu umetoka kwenye mabua. Ule gogo zima, ushindwe na rangi?" Kesho yake akaleta pumba za pamba alizokwisha kuvunia uyoga, zimejaa nyuzi nyeupe za uyoga wenyewe, akazitia kwenye pipa la maji yaliyopoa na kuzimuliwa.

Asubuhi ya tatu nikakuta ukungu umetanda juu. Kwetu chombo chenye ukungu husuguliwa. Nikamwaga kila kitu, nikasugua kwa mchanga mpaka pipa likang'aa, nikangoja kusifiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kaosha?"

"Mimi."

Akaliangalia pipa. "Wafanyakazi wangu wote umewazika, mwanangu, na ndugu zao hukuwaita."

Wenzangu walicheka hadi wakaketi chini. Zilibaki siku kumi na mbili, na pumba za pipa moja tu. Hilo moja akanikabidhi mimi nililinde. Kila asubuhi nilichota bilauri nikaiinua juani. Kahawa ikawa chai, chai ikapauka. Siku ya tisa niliona vidole vyangu upande wa pili wa bilauri, nikakimbia kwake na ndala mguu mmoja. Hata hapo hakukubali: "Mwagilia tuta moja kwanza. Mchicha ndio utasema." Mchicha ukasimama, viongozi wakatuacha tuendelee, na leo tuna mapipa manane yenye ukungu mzuri kuliko maua.

Kwake nimejifunza kuuliza kabla ya kusugua, maana vingi tunavyoviita uchafu viko kazini. Wewe uliyeko Nzega au Ulyankulu, kama umewahi kuona kitu cha namna hiyo, niandikie. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.