Majina Mawili ya Rashidy

Mmeniganda tangu asubuhi niwaeleze habari za Mwanamvua wa Kilimarondo, kana kwamba sina mihogo ya kumenya. Haya, sikilizeni, maana nikinyamaza mtakwenda kumuuliza Bakary, naye atawapotosha.

Mwanamvua ana mtoto mmoja tu, Rashidy. Kijana huyo alivuka mto Ruvuma kwenda kuuza chumvi na sabuni Msumbiji, vita vikamkuta hukohuko. Mwaka ukapita, habari hakuna. Bakary, kaka yake Mwanamvua, ndiye mjomba mtu, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akatangaza kuwa kijana kafa, matanga yawe Jumamosi.

Mwanamvua akakataa katakata. Beatrisi, binti wa Msalaba Mwekundu pale Nachingwea, alikwishamweleza kuwa iko sheria ya mataifa: mtu akikamatwa vitani aandikwe jina, na kwao wapelekewe habari.

Bakary akacheka. "Vita na sheria wapi na wapi? Mwenye bunduki atamwogopa nani, dada? Wewe?"

Na kweli Beatrisi alishauliza mara moja, akajibiwa Rashidy hayumo katika orodha ya waliokamatwa. Basi mtama wa matanga ukaanza kutwangwa.

Alhamisi Mwanamvua, naye katwangishwa, mchi mkononi, wazo likamjia. Rashidy ni jina la jandoni! La utotoni lilizikwa huko, na mama kulitaja ni kumtukana mwanawe, ndiyo maana Beatrisi alifichwa. Lakini shuleni na kwenye kitambulisho liliandikwa hilohilo la utotoni.

Mchi akautupa. Akadandia bodaboda, kanga inapepea, dereva anaambiwa aongeze moto. Kufika Nachingwea akafunga mlango wa ofisi, akamnong'oneza Beatrisi: "Nampunga. Liandike, halafu lisahau."

Beatrisi akapiga simu. Alasiri ikalia: Nampunga wa Kilimarondo yumo, yu hai, yuko kizuizini. Mwanamvua alipiga vigelegele mpaka wa duka la jirani wakatoka kutazama.

Bakary alipoambiwa alikaa chini kwanza. Akauliza ni nani aliyewalazimisha wenye bunduki kuandika jina.

"Sheria," dada yake akamjibu. "Wako wasioijali, Beatrisi kanieleza, hakunificha. Hawa wameijali. Kwa hiyo nitawauliza habari zake kila mwezi, wasije wakazoea kusahau."

Ule mtama ulipikwa ugali, tukala tukicheza ngoma.

Ila kijana bado amefungwa, na barua inaruhusiwa kumfikia. Mimi kuandika ni kwa kubahatisha. Wewe uliyesoma shule na umenisikiliza mpaka hapa, pole yako sitaki. Chukua kalamu, mwandikie Rashidy ukurasa mzima, uniletee kabla ya Jumatatu.